Kiingereza au Mawasiliano? Ulinganisho kwa anayeanza chuo cha jamii California

Katika jumuiya zetu za Waswahili hapa kusini mwa California, ukisema umejiandikisha chuo cha jamii (community college, chuo cha miaka miwili), watu wanasikia uuguzi. Ukitaja kitu kingine, hakosi shangazi wa kukuuliza utakula nini. Hata hivyo kila mwaka nakutana na vijana, na watu wazima wenye watoto, ambao moyo wao uko kwenye maneno: aliyesoma HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) Tanzania, aliyekuwa akitangaza redio Bukavu, mama aliyekuwa katibu wa chama cha akina mama Eldoret na bado anaweka kumbukumbu za mikutano kichwani. Wakifungua orodha ya masomo wanakwama kwenye njia mbili zinazofanana kwa mbali: Kiingereza na Mawasiliano.

Mimi nilianza na Mawasiliano, nikahamia Kiingereza muhula wa tatu, na baada ya hapo nimekaa miaka kadhaa kwenye meza ya kituo cha uandishi nikiwasaidia wanafunzi na insha na hotuba zao. Naandika kwa niliyoyaona hapa California. Majimbo mengine yana sheria zao, ingawa madarasa yenyewe hayapishani sana.

Masomo haya mawili yalitoka nyumba moja. Mwanzoni mwa karne ya 20, walimu wa hotuba Marekani walikuwa ndani ya idara za Kiingereza. Novemba 1914, walimu 17 walijitoa kwenye chama cha walimu wa Kiingereza, NCTE, wakaunda chao cha walimu wa kuzungumza mbele ya hadhira. Ndicho ambacho leo kinaitwa National Communication Association. Waliona usemi ni elimu inayojitegemea na kwamba wenzao wanaojali maandishi na fasihi hawaupi nafasi yake. Tofauti hiyo bado ipo. Darasa la Kiingereza linakuuliza: umeandika nini, na maandishi ya mwingine umeyasomaje? Darasa la Mawasiliano linakuuliza: uliposema, nani alisikia, na alibadilika vipi?

Bei, muda na karatasi

Hapa hakuna cha kulinganisha sana, kwa hiyo nitapita haraka. Mkazi wa California hulipa dola 46 kwa yuniti moja (kipimo cha uzito wa darasa), iwe ya Kiingereza au ya Mawasiliano. Shahada ya miaka miwili ni yuniti 60, yaani dola 2,760 za karo kwa jumla. Mwenye kipato kidogo anaweza kusamehewa karo hiyo kupitia California College Promise Grant. Mwenye green card anaweza kuomba Pell, ruzuku ya serikali kuu ya Marekani kwa wanafunzi, ambayo kwa mwaka wa masomo 2025–26 kiwango chake cha juu ni dola 7,395, na kwa kuwa karo ni ndogo, fedha nyingi inayobaki huenda kwenye kodi ya nyumba na mafuta ya gari. Kumbuka kwamba Pell ina kikomo cha maisha, mihula 12 ya kusoma kwa muda wote. Mtu anayehamahama kati ya masomo miaka minne chuoni hapa, akisoma kwa muda wote, ameshakula mihula minane, na anafika chuo kikuu amebakiwa na minne tu.

Aliyekuja kwa viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, ana hesabu nyingine kabisa: karo yake ni ya mtu wa nje, ambayo ni mara kadhaa ya hiyo dola 46, na lazima achukue angalau yuniti 12 kila muhula. Huyo asijaribu hiki na kile. Aje ameshaamua.

Na kuhusu hofu ya kuzuiliwa miaka kwenye madarasa ya kujiandaa: sheria ya AB 705 ya mwaka 2017 ilibadilisha mambo. Chuo hakiwezi tena kukupa mtihani mmoja wa asubuhi moja kisha kikuweke madarasa matatu chini. Aliyemaliza sekondari hapa huingia moja kwa moja kwenye Kiingereza cha kiwango cha chuo kikuu, mara nyingi akiwa na darasa dogo la msaada pembeni. Anayepitia ngazi ya ESL (Kiingereza kwa wenye lugha nyingine ya kwanza), vyuo vinatakiwa kumpa njia ya kufika kiwango hicho ndani ya miaka mitatu. Mimi nawashauri wazazi wetu wanaoanza upya waanze na madarasa ya ESL ya bure ya elimu ya watu wazima, maana yapo karibu kila mji mkubwa, kisha wavuke.

Huwezi kukimbia lolote

Kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote ni mtu kuchagua Kiingereza kwa sababu anaogopa lafudhi yake, au kuchagua Mawasiliano kwa sababu anaogopa insha. Sababu zote mbili hazina msingi, kwa jambo moja rahisi: madarasa ya mwanzo ya njia zote mbili ni ya lazima kwa kila anayetaka kuhamia chuo kikuu.

Tangu Agosti 2025 vyuo vya jamii vya California vinatumia mpango mmoja wa masomo ya jumla uitwao Cal-GETC. Kundi lake la kwanza lina sehemu tatu: uandishi, uandishi wa hoja na kufikiri kwa kina, na kuzungumza. Zamani anayelenga mfumo wa UC (University of California) aliweza kuruka darasa la kuzungumza. Chini ya mpango huu hawezi. Namba za madarasa nazo zimeanza kufanana vyuo vyote: uandishi ni ENGL C1000, hotuba ni COMM C1000. Unahitaji angalau C katika yote mawili. Kwa hiyo mwoga wa jukwaa atasimama jukwaani, na mwoga wa insha ataziandika.

Na hata baada ya hapo, Mawasiliano ina maandishi mengi kuliko watu wanavyodhani. Kila hotuba hudai muhtasari ulioandikwa kwa mpangilio, na orodha ya vyanzo kwa mtindo wa APA. Kiingereza nacho, kwa mtindo wake wa MLA, kina mazungumzo kila kipindi, kwa sababu mwalimu anakaa kimya akingoja wanafunzi waseme walichokiona kwenye shairi. Ukikaa kimya muhula mzima, alama za ushiriki zinakwenda.

Ndani ya darasa

Ukiwa njia ya Kiingereza, baada ya madarasa ya uandishi utachukua utangulizi wa fasihi, kisha mapitio ya fasihi kwa vipindi: ya Uingereza, ya Marekani, ya dunia, na ukitaka, uandishi wa kubuni. Kusoma ndiyo kazi yenyewe. Kurasa 80 hadi 100 kwa wiki kwa darasa moja si ajabu. Fasihi ya Uingereza ya kale inaweza kumtoa mtu jasho, lakini mwenzetu mmoja aliyekulia Lamu aliniambia haikumshtua, kwani yeye alizoea tenzi za Kiamu ambazo mtu wa Dar es Salaam anahitaji maelezo ubeti kwa ubeti. Alijua tayari kwamba lugha ya mababu haifunguki siku ya kwanza. Waliosoma vitabu teule vya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, au fasihi kidato cha tano na sita Tanzania, wanafika na mtaji huo huo: wanajua mhusika ni nini, dhamira ni nini, taswira ni nini. Kinachobadilika ni kwamba hapa hutakiwi kuorodhesha dhamira. Unatakiwa uchukue moja na uitetee kwa kurasa tano.

Njia ya Mawasiliano huanza na hotuba, kisha unachagua kati ya mawasiliano ya mtu na mtu, mawasiliano ya vikundi vidogo, na hoja na mdahalo. Juu yake kuna mawasiliano baina ya tamaduni, nadharia ya mawasiliano, utangulizi wa vyombo vya habari. Darasa la tamaduni ndilo lililonishika mimi. Mtu aliyelelewa na Kiswahili nyumbani, lugha ya kabila kwa bibi, Kifaransa au Kiingereza shuleni, anaingia humo akiwa ameyaishi ambayo wenzake wanayasoma kitabuni. Kwa nini kwetu salamu inaweza kuchukua dakika tatu kabla mtu hajasema kilichomleta? Kwa nini shikamoo haiwezi kuruka mtu? Hayo ni maswali halali ya mtihani.

Kuna pia timu za midahalo na hotuba. Vyuo vya jamii vina mashindano yao ya kitaifa chini ya Phi Rho Pi, chama kilichoanzishwa 1928. Kama ulikuwa msemaji wa kwanza upande wa kupinga kwenye mdahalo wa shule, tafuta timu hiyo hata ukisoma Kiingereza. Wanaokaa humo mwaka mmoja hubadilika kuliko darasa lolote ninalolijua.

Panapowauma Waswahili

Sehemu hii ndiyo inayonifanya niandike, kwa sababu haimo kwenye kijitabu chochote cha chuo.

Tuanze na insha. Sisi tulifundishwa kuijenga hoja taratibu: utangulizi wenye methali, maelezo, mifano, na mwishoni ndipo msimamo unatua. Ni adabu ya kumkaribisha msomaji. Waliosoma Kongo wana umbo jingine, la Kifaransa: upande huu, upande ule, kisha muafaka. Mwalimu wa hapa anataka msimamo wako mwishoni mwa aya ya kwanza, sentensi moja isiyo na kigugumizi, na kila aya inayofuata iutumikie. Insha yangu ya kwanza ilirudi na C na maneno mekundu yaliyosema hoja haionekani. Ilikuwepo, ukurasa wa nne. Nilihuzunika, nikadhani Kiingereza changu kibovu. Lugha haikuwa na tatizo kubwa. Umbo ndilo lililokuwa geni kwa mwalimu. Tangu hapo kila Mswahili anayekaa mezani kwangu namwambia: ihamishe sentensi yako ya mwisho iwe mwisho wa aya ya kwanza, kisha uisome upya. Nusu ya kazi inakwisha hapo.

Kisha sarufi. Kiswahili hakina “he” na “she”. Kina “a-” inayomtosha kila mtu. Kwa hiyo mwanafunzi wetu mwerevu anaandika kuhusu mama mzazi na katikati ya aya mama anageuka “he”. Kiswahili pia hakina “a” na “the”, na hayo mawili hutuhangaisha hadi mwaka wa mwisho. Hizi si dalili za akili ndogo. Njia ya Kiingereza itakupa mazoezi ya kuzirekebisha kila wiki, kwa miaka miwili, na mtu wa kukusomea rasimu. Njia ya Mawasiliano haina subira hiyo. Mwalimu atakukata alama chache kwenye muhtasari na kuendelea. Anayejua kwamba kazi anayoitaka itamdai maandishi safi, awe wakili, mhariri au mwalimu, afikirie jambo hili kwa uzito.

Upande wa hotuba mambo yanageuka. Hapo sisi tuna utajiri, na tuna mizigo miwili. Mzigo wa kwanza ni itifaki. Hotuba hupewa dakika tano hadi saba, na nimemwona kijana akitumia dakika nzima kumtambua mwalimu, wanafunzi wenzake, na kuomba radhi kwa lugha. Kengele ikalia hajafika hoja ya pili. Mzigo wa pili ni macho. Wengi tulilelewa kwamba kumkazia macho mkubwa ni utovu wa adabu, na karatasi ya alama ina mstari mzima wa kutazama hadhira. Hili linauma kuliko sarufi, kwa kuwa mtu anajiona anavunja malezi yake. Ninachowaambia: mtazame mwanafunzi wa mstari wa pili, wa rika lako, kisha uhamie kwa mwingine. Mwalimu ataona umeitazama hadhira, na wewe hutakuwa umemkazia macho mzee.

Kuhusu lafudhi, sikia. Darasa la COMM C1000 hupima kasi, kusikika, mpangilio na ushahidi. Utameza herufi, utaongeza irabu mwisho wa neno, na bado utapata A ukisema polepole na ukijua unachosema. Ninaowaona wakianguka ni wale wanaosoma karatasi neno kwa neno wakiogopa kukosea.

Na shifti je?

Wengi wetu tunasoma tukiwa kazini: ghala la usiku, kulea wazee, hoteli, kuendesha magari ya abiria. Kanuni ya chuo ni saa mbili za kujisomea kwa kila saa ya darasa, kwa hiyo darasa la yuniti tatu linakula kama saa tisa kwa wiki. Hapa ndipo tofauti ya njia mbili inakuwa ya maisha kabisa.

Kiingereza kinabebeka. Unaweza kusoma riwaya saa nane usiku mzee unayemlea akiwa amelala, na insha unaiandika Jumapili baada ya ibada. Hakuna anayekungoja. Mawasiliano haibebeki kirahisi hivyo, kwa kuwa madarasa kama ya vikundi vidogo yanahitaji ukutane na wenzako wanne, na wenzako hao wana miaka 19 na wako huru saa kumi alasiri, saa yako ya kuingia kazini. Nimeona watu wazima wenye uwezo wakiacha darasa hilo kwa sababu ya ratiba tu. Hotuba za mtandaoni nazo zina sharti lake: baadhi ya walimu wanataka urekodi ukiwa mbele ya hadhira ya watu wazima kadhaa wanaoonekana kwenye video. Sebule yangu imewahi kugeuka ukumbi. Majirani watano wa jumuiya, mmoja bado na sare ya kazi, wamekaa kwenye kochi wakisikiliza hotuba ya kushawishi kuhusu chanjo. Walipiga makofi kabla haijakwisha, tukarekodi tena.

Kama shifti zako hubadilika kila wiki, kwa mtazamo wangu Kiingereza ndicho kitakachokuvusha. Kama ratiba yako imetulia, usiliache darasa la vikundi kwa ajili hii peke yake.

Kuhamia chuo kikuu

Shahada ya miaka miwili peke yake, ya lolote kati ya haya, haifungui milango mingi. Nalisema bila kuficha kwa sababu watu hudanganywa. Ni daraja la kwenda shahada kamili.

California ina daraja zuri. Sheria ya SB 1440 ya mwaka 2010 ilianzisha shahada maalumu ya kuhamia: ukiimaliza, una uhakika wa nafasi mahali fulani ndani ya mfumo wa CSU (California State University), ukiwa umebakiza yuniti 60. Mahali fulani, lakini. Chuo unachokipenda wewe hakiahidiwi. Kiingereza kina shahada hiyo na Mawasiliano inayo.

Kwa anayelenga UC tofauti inaonekana. Kila kampasi ya UC ya shahada ya kwanza ina fasihi ya Kiingereza kwa jina moja au jingine. Mawasiliano haipo kila mahali, na ilipo hufundishwa kama sayansi ya jamii. UC Santa Barbara, kwa mfano, hutaka mwanafunzi wa Mawasiliano awe amesoma takwimu. Nimewaona waliokimbia hisabati wakaikuta inawangoja mlangoni. Kampasi sita za UC, yaani Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz, hutoa dhamana ya nafasi kwa mwanafunzi wa chuo cha jamii anayetimiza masharti. Berkeley, Los Angeles na San Diego hazitoi. Mwonyeshe mshauri wako kampasi unayoitaka kabla hujachagua darasa la pili.

Shangazi na swali lake

Utakula nini? Swali lina haki yake.

Anayetaka kufundisha sekondari California achague Kiingereza. Leseni ya ualimu wa somo ina Kiingereza kwenye orodha, Mawasiliano haimo. Kufundisha vyuo vya jamii vyenyewe kunadai shahada ya uzamili katika somo lako. Anayeelekea sheria anaweza kupita popote, ila mazoezi ya kusoma maandishi magumu kwa saa nyingi yatamsaidia. Kuandika maombi ya ruzuku kwa mashirika yanayohudumia wakimbizi ni kazi ninayoipendekeza sana kwa watu wa Kiingereza, kwa kuwa mashirika hayo yana uhaba wa watu wanaoijua jamii na wanaoweza kuandika.

Mawasiliano inawafaa zaidi wanaotaka kukaa na watu: uhusiano na umma, rasilimali watu, uhamasishaji wa afya, kuunganisha shule na wazazi wahamiaji. Wilaya za shule na idara za afya za kaunti hutafuta mtu wa kusimama ukumbini mbele ya wazazi 60 na kueleweka.

Kuna kazi moja inayohitaji pande zote mbili, nayo ni ukalimani. Hospitali zinamhitaji Mswahili. Tume ya CCHI, inayothibitisha wakalimani wa afya, hudai mafunzo ya angalau saa 40 kabla ya mtihani wake. Unaweza kuyafanya ukiwa bado mwanafunzi, na kwa maoni yangu ni kipato kinachoheshimu akili yako kuliko ghala.

Ningeanza hivi

Muhula wa kwanza chukua ENGL C1000. Wa pili, COMM C1000. Yote yanahesabika kokote utakakoelekea, kwa hiyo hupotezi yuniti hata moja. Yanapoendelea, jichunguze jambo moja: kazi inaporudi na alama mbaya, unatamani kufanya nini? Kuna wanaokaa chini saa hiyo hiyo wakaanza kuiandika upya, aya kwa aya, na chakula kikapoa. Kuna wanaotoka nje wakampigia mtu simu wakamweleza walichotaka kusema, na katika kueleza wakakiona. Mimi nilikuwa nikidhani ni wa kundi la pili, maana naongea sana. Chakula kilipopoa mara ya tatu nikaenda kwa mshauri kubadilisha somo.

Angalia tu kalenda. Maombi ya kuhamia CSU na UC kwa ajili ya muhula wa Agosti au Septemba hupokelewa kuanzia Oktoba ya mwaka uliotangulia, na hufungwa mwishoni mwa Novemba au siku za mwanzo za Desemba. Anayeanza mwaka huu na kusoma kwa muda wote atajaza fomu hiyo mwanzoni mwa mwaka wake wa pili, na fomu itamtaka aandike somo moja.